Tangazo kwa Wasiojua Kusoma

Kilichoanzisha mambo yote haya ni kicheko.

Jirani wa nyumba ya pili alifiwa na mama mkwe wake, na familia ikaweka tangazo mtandaoni: picha ya marehemu katikati ya maua, mishumaa pembeni, maneno ya huzuni chini. Watu wakamiminika na pole zao. Katikati ya pole hizo, penye picha ya Fundi, mtengeneza makochi wa mtaa huo, akiwa amesimama kando ya kochi jekundu, kikajitokeza kijisura kinachocheka mpaka machozi yanakitoka.

Mwalimu, mkewe Fundi, aliletewa habari hiyo kabla hajavua viatu vya kazini. Alijitanda mtandio, akavuka uchochoro, akakaa kwa wafiwa akiomba radhi huku mashangazi waliokuja msibani wakimpima kwa macho kuanzia unyayo hadi utosi. Jirani alimsindikiza mpaka mlangoni. "Hatuna kinyongo," alimwambia. "Ila mwambie mzee, siku nyingine acheke moyoni."

Nyumbani, binti yao wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa amekwisha kumbana baba yake pale barazani alipofanyia kazi.

"Baba, jamani. Hukuona kwamba ule ni msiba?"

"Niliona."

"Sasa?"

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu, limevuliwa nguo zote, springi zimetoka nje. "Mikono ilikuwa na gundi," alisema bila kugeuka. "Kidole kimeteleza."

Jibu hilo Kitinda alilijua tangu akiwa mtoto. Kwa sababu ya gundi Fundi alisomewa risiti, alisomewa matangazo ya mkutano wa mtaa, alisomewa hata maelekezo yaliyo kwenye kopo la gundi yenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Mtu anayevisha makochi kutwa kucha, mikono yake utaikuta na nini, marashi?

Lakini Kitinda alikuwa mdadisi, tena wa kukera. Ndiye yule aliyewahi kufungua redio ya nyumbani kwa bisibisi ili aone msomaji wa taarifa ya habari anakaa wapi. Akajiuliza: kama mikono ilikuwa na gundi, simu aliishikaje? Simu ya baba yake ilikuwa safi kuliko ya kwake. Swali hilo hakulitoa mdomoni, ila hakulitupa pia.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Kila Kitinda alipoandika chochote mtandaoni, hata kama ni kulalamikia mvua, mtu wa kwanza kubonyeza alikuwa baba yake. Moyo, dole gumba, moto, chochote. Hakuwahi kuandika neno, kubonyeza tu. Marafiki zake walikuwa wakimtania kwamba ana mlinzi wa zamu.

*

Mchana Mwalimu alifundisha watoto. Jioni, mara tatu kwa wiki, alifundisha watu wazima kusoma na kuandika, katika chumba cha mwisho cha shule ile ile. Darasa la Jioni lilikuwa chama kilichosajiliwa, chenye muhuri wake, kisichotafuta faida, na kwa kweli faida hakikuipata, hata ya chaki. Zamani chumba kilijaa. Siku hizi walibaki wanne: Mama Mayai, aliyeuza mayai kwa trei, Mlinzi wa ghala la saruji, na bibi wawili waliokuja pamoja, wakakaa pamoja, na kusinzia pamoja.

Mwalimu alikuwa na desturi yake. Mtu mpya akiingia hakumwuliza kwa nini hakusoma utotoni, wala umri wake, wala kazi yake. Alimwuliza jambo moja tu: "Ukishajua kusoma, utasoma nini kwanza?" Mama Mayai alijibu kwamba atasoma meseji zake mwenyewe, aache kusomewa na mkwe wake anayezichuja. Mlinzi alijibu kwamba atasoma kibao cha pale getini, ajue miaka yote hii analinda nini. Mwalimu hakucheka hata jibu moja.

Sasa mwalimu mkuu alikuwa amemwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumjibu.

"Mwalimu, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini chumba kizima, watu wanne, na wawili wamelala. Kuna wenzetu wa kompyuta wanakitaka, watapaka rangi, wataweka na madirisha. Mimi nitawaambia nini? Mwisho wa mwezi nitapita jioni. Nikikuta madawati yamejaa, sitafungua mdomo. Nikikuta hali ni hii hii, utanirudishia funguo, na tusilaumiane."

Mwalimu alisimulia haya nyumbani wakati wa kula, kwa sauti ile ile anayotumia kusema chumvi imepungua. Kitinda alimjua mama yake. Sauti ikiwa tambarare hivyo, ndani kumechafuka.

"Watu hawakujui, Mama," alisema. "Siku hizi usipoonekana mtandaoni, hupo."

"Mimi nipo. Si huyu hapa nimekaa."

"Nisikilize basi. Nitafungua ukurasa wa chama. Kazi yangu ndiyo hiyo, natengeneza mabango ya watu kutwa nzima. Nitashindwa la mama yangu?"

Mwalimu alimtazama mumewe. Fundi alikuwa akichokoa samaki kwa makini, kana kwamba miiba ile ameazimwa.

"Mwache ajaribu, Mwalimu," alisema. "Chumba kile usikiachie."

Alilisema kwa uzito uliomshangaza Kitinda, maana baba yake hakuwahi kukanyaga ndani ya chumba kile. Jioni za darasa alimsindikiza mkewe, amembebea mkoba wa chaki, mpaka getini. Hapo humkabidhi mkoba, akageuka.

*

Kitinda alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi, mabango na fulana. Mchana wateja walipopungua, alikaa kwenye kompyuta ya dukani akatengeneza tangazo lililomtoa jasho. Maandishi ya njano juu ya buluu iliyokolea, yamenona, hayana haraka: *Hujui kusoma? Hujachelewa. Njoo Darasa la Jioni. Ni bure, na hutaulizwa maswali.* Chini akaeleza njia, siku na saa. Bosi wake alipita nyuma yake, akasimama, akasema hilo ndilo tangazo zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka humo dukani.

Na kweli mtandaoni lilipokewa vizuri. Wa kwanza kubonyeza alikuwa Fundi, kama kawaida yake, akaweka moto. Mioyo ikafuata. Binamu aliye ng'ambo akaandika hongera mdogo wangu, tunajivunia. Mhadhiri mmoja akaandika insha nzima juu ya elimu ya watu wazima, mhadhiri mwingine akampinga kwa insha ndefu zaidi, na kwa siku mbili wakapigana pale pale ukurasani kama majogoo. Mtu akauliza kama kuna cheti. Watu wakashea, wengine wakashea walichosheiwa.

Jioni ya darasa Kitinda alikwenda mapema kumsaidia mama yake kupokea wageni. Alifuta madawati yote. Walikuja wanne wale wale.

"Labda leo kulikuwa na mpira," alisema.

Jioni iliyofuata hakukuwa na mpira, na walikuwa wale wale. Kitinda alikaa nyuma, akihesabu laiki kwenye simu na kutazama madawati matupu, na hesabu hizo mbili zikakataa kukutana. Alikuwa amekaa kwenye dawati la karibu na mlango. Mama yake akaacha kufundisha.

"Hapo usikae. Lina mwenyewe."

"Nani?"

"Lina mwenyewe," Mwalimu alirudia, akageukia ubao. Kitinda akahamia dawati la mbele yake. Chumba kizima kitupu, dawati moja linahifadhiwa. Na hilo nalo akaliweka akilini, karibu na lile swali la simu.

Akaona labda kinachokosekana ni watu. Tangazo halina sura. Basi akapiga picha ya darasa kwa nyuma, kwa heshima zote, kisionekane kitu isipokuwa visogo na ubao, akaipakia. Laiki zikapanda maradufu. Ila Mlinzi alikuwa na kofia yake ya sufu yenye mistari ya kijani, na kofia ile ghala zima la saruji liliijua. Kesho yake wapakizi walimpokea getini wakiimba a, e, i, o, u kwa pamoja. Jioni hakuja darasani. Alimtuma Mama Mayai aseme kwamba amebadilishiwa zamu.

Mwalimu hakumkemea bintiye mbele za watu. Alingoja mpaka wako njiani kurudi.

"Unajua ni kwa nini darasa langu liko chumba cha mwisho?" alisema. "Vyumba vya mbele vilikuwapo. Watu hawa wanaingia kwangu wakiangalia nyuma, kama wezi. Mtu amejificha miaka yote, mkewe hajui, watoto wake hawajui. Wewe unamtoa kichwa chake nje kwa picha."

"Sikupiga sura, Mama."

"Hujaambiwa umepiga sura."

Kitinda alihisi uso unamwaka moto. Alikuwa ametaka kuwaongeza, na amempunguza mmoja. Alifuta picha ile hapo hapo barabarani, akijua kabisa kwamba kuifuta hakumrudishi mtu.

*

Siku mbili baadaye Mama Mayai alipita dukani na trei zake, akaomba maji ya kunywa. Kitinda, akiwa bado anatafuta wa kumtuliza moyo, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama Mayai, hebu niambie ukweli wako. Hili tangazo lina kasoro gani?"

Mama Mayai aliweka trei chini, akafuta mikono, akalitazama tangazo kwa muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Rangi zimetulia," alisema. "Nimezipenda. Linasemaje?"

"Linasema kama hujui kusoma..."

Kitinda akanyamaza katikati. Mama Mayai naye akamtazama, akalitazama tena tangazo. Kicheko kikaanza kwenye mabega yake, kikashuka tumboni, mpaka ikabidi ashike meza. Walicheka wote wawili, bosi akatoka chumba cha nyuma kuuliza kuna nini, wakashindwa kumjibu. Yaani binti wa mwalimu, mwenye mashine tatu za kuchapisha, alikuwa amewaandikia wasiojua kusoma.

"Mwanangu," Mama Mayai alisema akijifuta macho, "yaani umetupigia kelele kwa kalamu."

"Nyinyi habari mnazipataje?"

"Kwa voisi. Mtu akiniandikia simjibu, atachoka mwenyewe, atarekodi sauti. Magrupu yetu sisi wauza mayai ni sauti tupu."

Kumbe. Kitinda alirudi nyumbani anakimbia nusu, anatembea nusu. Sauti. Lakini sauti ya nani? Alimrekodi mama yake, ikatoka sauti ya mwalimu, unaisikiliza unajikuta umekaa wima. Akajirekodi mwenyewe, akasikika kama mtu anayeuza bando. Akambembeleza Mama Mayai, akakataa kabisa: binti yake amechumbiwa, na upande wa pili ni watu wa kujisikia. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Hapo akamkumbuka baba yake. Fundi alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo kidogo, ambayo wateja waliipenda kuliko hata kazi yake. Akisema kochi litakuwa tayari Jumamosi, mtu aliamini, ingawa halijawahi kuwa tayari Jumamosi hata siku moja.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na Jumapili Fundi hafanyi kazi. Alikuwa ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa sebuleni akisikiliza redio. Kitinda alimwekea mbele karatasi aliyoichapisha dukani, herufi kubwa, maneno machache.

"Baba, nakuomba sauti yako. Soma hapa tu, mimi narekodi. Hata dakika haifiki."

Fundi aliitazama karatasi. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani:

"Mikono yangu ina gundi."

Kitinda aliangalia mikono ile. Ilikuwa imelala juu ya magoti, misafi, inanukia sabuni. Fundi naye akaiangalia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi, ametulia tuli. Redio ikaendelea kusoma matokeo ya mpira.

Fundi aliinuka, akaizima, akatoka nje.

Karatasi ilibaki mezani. Kitinda alihisi maswali yake yote yaliyokuwa yamekaa akilini yakisimama kwa pamoja: simu safi, kubonyeza bila neno, vile vipande vya vitambaa vya rangi ambavyo baba yake alivifunga kwenye kila kochi ili ajue ni la nani, wakati mafundi wengine wanaandika majina tu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nimjue," Mwalimu alisema. Aliketi pale alipokuwa ameketi mumewe. "Aliniambia kabla hatujaoana. Nikamwambia nitakufundisha. Akasema hawezi kukaa mbele ya mkewe kama mtoto. Basi nikasema, nitafungua darasa, waje na wengine, asijione yuko peke yake. Wakaja wengine."

"Na yeye?"

"Yeye ananibebea chaki."

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Si siri yangu." Mwalimu aliukunja ule mtandio wake, akaukunjua. "Nilikuwa nasema ipo siku ataingia kimyakimya, mimi nimegeukia ubaoni. Ndiyo maana lile dawati nimeliweka karibu na mlango. Asilazimike kupita mbele za watu."

Kitinda akalia. Hakujificha, alilia kama alivyolia siku ya redio, alipoambiwa humo ndani hamna mtu.

*

Alimkuta baba yake barazani, amekaa kwenye kochi la mteja, jambo alilomkataza kila mtu. Akakaa pembeni yake.

"Ile ya msiba," Fundi alisema hatimaye. "Kweli kilikuwa kicheko?"

"Kilikuwa kicheko, Baba."

"Mimi niliona kina machozi. Niliona picha ya bibi wa watu na maua, nikajua amefariki. Nikatafuta kinacholia. Kile kilikuwa na machozi mengi kuliko vyote."

Kitinda alikumbuka jinsi alivyomfokea. "Nisamehe, Baba."

"Wewe na mimi tunajuana, hakuna la kusamehe." Akapapasa mkono wa kochi, mahali kitambaa kilipokutana na mbao. "Ripoti zako za shule nilikuwa naziangalia rangi tu. Nyekundu zikiwa nyingi nakasirika, zikiwa chache nakununulia soda. Sikukosea sana, au?"

"Mara moja. Mwalimu wa sayansi alikuwa anasifia kwa nyekundu."

"Basi nakudai radhi ya sayansi." Akatoa simu mfukoni. "Mtu akitaka kusema bila kuandika, anashika wapi?"

Kitinda alimwonyesha kipaza sauti kidogo pale pembeni: unashika, unasema, ukiachia kinakwenda. Hakumwuliza anataka kusema nini. Ilimgharimu kuuzuia ulimi, lakini aliuzuia.

Siku zikapita, kimya. Fundi akapiga misumari yake, akavisha makochi yake. Kitinda akajisemea kwamba yameisha, na ana haki.

Kisha asubuhi moja dukani, akiwa anachapisha kadi za harusi, mteja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi alifungua voisi kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wasio na aibu ya simu. Nyuma ya maneno kulisikika sauti ya mkasi ukikata kitambaa.

"Hamjambo. Mimi yule fundi wa makochi, wengi mnanifahamu, wengine mpaka dakika hii mmekalia kazi yangu. Nina neno. Mimi sijui kusoma. Msicheke kwanza, mtacheka nikimaliza. Namba nazijua, hela naijua, futi kamba naijua. Herufi sizijui. Miaka yote nawaambia mikono yangu ina gundi. Mkinipa karatasi, ina gundi. Mwanangu akiniletea ripoti ya shule, ina gundi. Na nyumbani nimeoa mwalimu. Anafundisha watu wazima, jioni, pale shule ya msingi, chumba cha mwisho, bure, na hamwulizi mtu amechelewa wapi. Mimi namsindikiza mpaka getini, nageuka. Sasa chumba wanataka kukichukua, wanasema hakina watu. Watu wapo. Wewe unayesikiliza sauti yangu, najua kwa nini unapenda sauti. Mimi na wewe hatufichani. Njoo. Leo nimenawa mikono."

Mashine ya Kitinda ilikuwa imeishiwa karatasi, inalia, na yeye hasikii. "Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Grupu la mafundi seremala," mteja alisema. "Ila na mke wangu amenitumia, kaipata kwa wauza mboga. Imezagaa. Unamfahamu?"

"Ni baba yangu," Kitinda alisema, na alishangaa jinsi alivyolisema kwa sauti ya juu.

*

Si wote waliopokea kwa wema. Wengine walirudisha voisi zao za kejeli: mwalimu gani huyo aliyeshindwa kumfundisha hata mume wake. Katika ofisi ya walimu, mmoja wao alikuwa akiisikiliza kwa kipaza sauti, na Mwalimu alipoingia akaizima haraka, chumba kizima kikajifanya kinasahihisha madaftari. Mwalimu alichukua chaki zake akatoka.

Jioni Kitinda aliwasikia wazazi wake barazani.

"Nimekuaibisha," Fundi alisema.

"Umeniaibisha," Mwalimu alikubali. "Leo sikujua niweke wapi uso wangu." Akapumua. "Uliisema vizuri. Ile ya gundi uliisema vizuri sana."

"Utanisindikiza wewe, au nikusindikize mimi?"

"Kesho?"

"Kesho nina kochi la mtu," Fundi alijibu upesi, na Mwalimu hakumsukuma.

Kesho yake ndiyo siku mwalimu mkuu aliyoahidi kupita. Kitinda alikwenda na mama yake, mkoba wa chaki begani kwake. Mbele ya geti, kwenye kibanda cha vocha, kulikuwa na watu wengi kuliko vocha zinazohitajika. Mmoja alikuwa amenunua ya bei ndogo kabisa na anaikwaruza taratibu. Mwalimu aliwapita kama hajawaona. Aliacha geti wazi, aliacha mlango wa darasa wazi, akageukia ubao na kuanza kuufuta, ingawa ulikuwa safi.

Waliingia mmoja mmoja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzee aliyevaa suti kamili na tai, kama anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani. Kila mmoja Mwalimu alimwuliza swali lake, na kila mmoja akajibu: jina langu kwenye hati, dozi ya mwanangu, mkataba niliotia dole gumba. Mlinzi naye alirudi, bila kofia. "Zamu imebadilishwa tena," alisema, akakaa mahali pake. Wale bibi wawili waliamshwa na kelele.

Mwalimu mkuu alifika, akasimama mlangoni. Alitazama safu hii na ile. Dawati tupu lilikuwa moja tu, na kijana mmoja aliyechelewa alikuwa akilisogelea.

"Hilo lina mwenyewe," Mwalimu alisema. Kijana akaenda kubanana na seremala.

Mwalimu mkuu akasema chaki alizonazo ofisini ni nyingi, atatuma mtu alete. Akaondoka, na habari za funguo hakuzitaja.

Somo lilianza. A, kisha e. Kitinda alisimama dirishani, simu mkononi, na mara tatu aliinua akataka kupiga picha, mara tatu akaishusha. Walikuwa wamefika kwenye u aliposikia viatu anavyovijua vikija taratibu kwenye varanda, vikisimama, vikija tena.

Fundi aliingia. Shati ni lile la Jumapili. Hakulazimika kupita mbele za watu, alikaa tu, pale pale karibu na mlango, magoti yakigonga mbao kwa sababu dawati ni la watoto. Vichwa vyote vikageuka, maana wengi waliijua sauti, sura wakaitaka.

Mwalimu hakuwa amegeukia ubao. Alikuwa anamtazama moja kwa moja, na chaki imekatika mkononi mwake. Angeweza kumwacha apite. Lakini mwanafunzi mpya ni mwanafunzi mpya.

"Karibu," alisema, na sauti yake haikuwa tambarare hata kidogo. "Ukishajua kusoma, utasoma nini kwanza?"

Fundi alifikiri. Akamtafuta mtu kwa macho, akamkuta dirishani.

"Nataka nisome anayoandika binti yangu," alisema. "Mpaka sasa nabonyeza tu."

Kitinda aliona mama yake akipangusa uso kwa mgongo wa mkono, akajipaka chaki shavuni bila kujua, kisha akageuka upande wa dirisha.

"Umesikia wewe?" Mwalimu alisema. "Kuanzia leo uandike mafupi mafupi."

Watu wakacheka, hata wale bibi. Fundi naye akacheka, akalivuta dawati mbele kidogo, akaweka mikono juu yake. Alikuwa ameinawa mpaka kwenye viwiko.